Jogoo Anatenda, Mazao Yanahesabiwa: Kuisoma Nembo ya Taifa Kutoka Naivasha

Nembo ya taifa la Kenya ina simba wawili, jogoo mmoja, mikuki miwili, ngao, shoka, mlima, mazao ya aina sita na neno moja. Mtu hayumo. Maji hayamo. Ng'ombe hayumo. Kwa msomaji wa Naivasha, mji uliokulia kando ya ziwa, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai, na ambao leo unaendeshwa na mikono ya wachumaji wa maua, hayo matatu yasiyokuwamo hugusa jicho upesi kama yale yaliyomo.

Mjini, nembo hii iko kila mahali: nyuma ya kiti cha hakimu, kwenye ofisi za utawala, kichwani mwa barua za serikali, kwenye jalada la pasipoti, kwenye sarafu mfukoni. Tumeizoea hadi tukaiona kama muhuri wa kuthibitisha kwamba karatasi ni halali na mlango ni wa serikali. Hapa nataka kuisoma kama mchoro: nani amesimama wapi, nani amebeba nini, nini kinatenda na nini kimewekwa tu. Ninachokiona ni michoro miwili iliyounganishwa katika mmoja. Wa juu unatenda. Wa chini unaorodhesha. Zaidi ya miaka 60 imepita tangu 1963 na imeonyesha upi unadumu, na miji yetu, Naivasha ikiwemo, ina somo kubwa la kuchukua hapo siku inapojichorea alama yake.

Tuanze katikati. Ngao imegawanywa kwa mlalo: juu nyeusi, chini kijani, na kati ukanda mwekundu wenye kingo nyeupe. Rangi hizi ni zilezile za bendera na kwa mpangilio uleule. Lakini angalia namna sehemu zilivyobadilishana nafasi. Katika bendera, ngao imewekwa juu ya rangi. Katika nembo, rangi zimewekwa ndani ya ngao. Kilichokuwa pambo la katikati kimekuwa chombo cha kubeba kila kitu. Na pale bendera ilipoweka ngao, juu ya ukanda mwekundu, nembo imeweka jogoo. Bendera inasema taifa hili linajilinda. Nembo inaongeza jambo la pili: inaonyesha kinacholindwa.

Jogoo huyo ni mweupe juu ya nyekundu, kati ya nyeusi na kijani. Hakuna mahali pengine kwenye nembo ambapo rangi zinakabiliana kwa nguvu kiasi hicho, kwa hiyo jicho linatua pale kwanza hata kabla ya kuwaona simba walio wakubwa kuliko yeye mara nyingi. Ni uamuzi mzuri wa kisanaa: aliye mdogo kwa umbo amepewa mahali pa juu kwa mwanga. Na hajachorwa akiwa juu ya paa akiwika, kama ambavyo mtu angetarajia kwa ndege wa alfajiri. Amechorwa akisonga mbele, na mguu mmoja umeshika shoka.

Hapo kwenye mguu ndipo pana ustadi ambao sijauona katika sehemu nyingine yoyote ya nembo. Ndege anayetembea lazima ainue mguu mmoja. Ndege anayeshika kitu naye lazima ainue mguu mmoja. Mchoraji ameyaunganisha mahitaji hayo mawili: mguu ulioinuliwa kwa hatua ndio ulioshika chombo cha kazi. Hatua na kazi zimekuwa kitendo kimoja. Maelezo rasmi ya serikali yanasema jogoo na shoka lake ni ishara ya mamlaka, nia ya kufanya kazi, ufanisi na mapambazuko mapya. Ni maneno mengi kwa ndege mdogo, lakini mchoro unayabeba, kwa sababu unamwonyesha akifanya kitu. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kukuambia: jogoo anakwenda kazini. Tunasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Huyu wa shamba amepewa ukuta wa kila ofisi ya mjini, na hakuitiwa sauti yake, ameitiwa kazi.

Kuna doa la kihistoria ambalo mhakiki hawezi kulifumbia macho. Jogoo huyo alikuwa wa chama kabla ya kuwa wa taifa. KANU, chama kilichoundwa mwaka 1960, kilikuwa na jogoo kama alama yake. Wapinzani wao wa KADU walikuwa na mkono wa vidole vitano. Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963 KANU ikiwa madarakani, alama ya washindi iliingia katikati ya ngao ya wote. Rangi nazo zilifuata njia hiyo: nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa za chama, na michirizi myeupe ikaongezwa kwa ajili ya amani na umoja. Ukiangalia ngao kwa jicho hilo, kingo mbili nyeupe zinaonekana zikiushika ukanda wa jogoo juu na chini. Ni nyembamba, lakini bila hizo nyekundu ingegusana na nyeusi na kijani moja kwa moja, na ngao nzima ingekuwa nzito na yenye giza.

Kwa miaka mingi jambo hili halikuwa la nadharia. Mpiga kura wa Naivasha mwaka 1992 au 1997 alipewa karatasi ya kura yenye picha ya jogoo kati ya alama za vyama, akiipigia katika uchaguzi uliosimamiwa na serikali ambayo barua zake zilikuwa na jogoo yuleyule. Mchoro mmoja ulikuwa mchezaji na mwamuzi. Kisha Desemba 2002 KANU ikashindwa na muungano wa NARC ulioongozwa na Mwai Kibaki, na serikali mpya ikaendelea kuandika barua zake chini ya jogoo.

Nafasi kubwa ya kumwondoa ilikuja na katiba mpya, na Naivasha ina sehemu yake katika habari hiyo. Januari 2010, kamati teule ya bunge ilijifungia katika mji huu kujadili rasimu ya katiba, na ni hapa ndipo muundo wa serikali ya rais ulipokubaliwa badala ya ule wa kugawana mamlaka na waziri mkuu. Mambo mengi yalifumuliwa na kushonwa upya. Nembo haikuguswa. Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 inaitaja katika Ibara ya 9 pamoja na bendera, wimbo wa taifa na muhuri wa umma, na mchoro wake umo katika Jedwali la Pili, jogoo akiwa palepale. Leo kuna Wakenya watu wazima waliozaliwa baada ya 2002, ambao kwao jogoo huyo hana chama. Amekiacha chama nyuma kwa sababu kitendo alichochorewa, kutembea na chombo cha kazi mguuni, hakikumhitaji mtu ajue chama ili akielewe.

Simba wana historia tofauti. Katika enzi ya ukoloni, alama ya Kenya kwenye bendera ya serikali ilikuwa simba mwekundu mmoja aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kwa mtindo wa nembo za kifalme za Ulaya. Mwaka 1963 simba hakufukuzwa. Aliongezewa mwenzake, wote wakapakwa dhahabu, wakatolewa ndani ya alama na kuwekwa nje yake kama walinzi. Ni mabadiliko ya cheo: aliyekuwa mwenye nyumba amekuwa askari wa mlangoni. Kila mmoja ameshika mkuki kwa mguu wa mbele ulio upande wa ngao, na mipini ya mikuki inapishana nyuma ya ngao. Kupishana huko kunafanya kazi kubwa kuliko kunavyoonekana, kwa sababu ndiko kunakowafunga simba kwenye ngao. Bila mikuki wangekuwa wanyama wawili waliosimama karibu na kitu. Kwa mikuki wamekuwa sehemu ya umbo moja.

Lakini simba hao wanafanana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, na hapo ndipo nembo za majirani zinapotusaidia kuona. Tanzania iliweka mwanamume na mwanamke, kila mmoja ameshika pembe ya ndovu. Uganda iliweka swala upande mmoja na korongo mwenye taji upande wa pili, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa angani. Katika nembo hizo mbili, walinzi ni tofauti na wanakutana kwenye ngao. Katika yetu, kushoto na kulia ni kiumbe kilekile. Mpangilio unapata utulivu na heshima, na kwa mahakama au pasipoti hilo linafaa. Unachokosa ni mazungumzo. Nchi yenye makabila zaidi ya 40, iliyokuwa inatoka kwenye ubishi mkali wa majimbo kati ya KANU na KADU, ilichagua kuuonyesha umoja kwa kurudia sura moja mara mbili.

Umbo la ngao yenyewe linaitwa katika maelezo rasmi ngao ya kiasili ya Afrika Mashariki. Mwenyeji wa bonde hili ataona ndani yake ngao ya Mmaasai, ndefu, iliyochongoka juu na chini. Hapa usomaji wa Naivasha unakuwa mzito. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa la kati, Naivasha na Nakuru zikiwemo, kwa mkataba kati ya Kamishna Donald Stewart na viongozi wao, Olonana akiwa miongoni mwao. Walipelekwa sehemu mbili, Laikipia na kusini, ili ardhi iliyopakana na reli iachiwe walowezi. Miaka michache baadaye, wale wa Laikipia wakahamishwa tena. Ngao yao ikapanda kwenye bendera na kwenye nembo. Ng'ombe wao, aliyekuwa sababu ya kuwa na ngao, hakupanda. Chini ya miguu ya simba hakuna malisho wala mfugo. Kuna mashamba tu.

Hayo mashamba ndiyo mchoro wa pili. Simba na ngao wamesimama juu ya umbo la Mlima Kenya, na mbele ya mlima yamepangwa kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na nanasi. Mlima huo hauonekani kutoka mjini Naivasha. Safu ya Nyandarua imesimama katikati. Hata hivyo si picha ya mandhari. Ni jukwaa. Na tatizo la jukwaa hili ni kwamba limejaa vitu visivyofanya chochote. Ngao inabeba, simba wanashika, mikuki inapishana, jogoo anatembea. Mazao yamewekwa.

Ni haki kumsoma mchoraji wa 1963 kwa macho ya watu wa 1963. Katika sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika alizuiwa kulima kahawa kwa ajili ya biashara au alibanwa kwa masharti. Mlango ulifunguka kwa upana katika miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Kwa mtu aliyeishi chini ya marufuku hayo, mbuni chini ya simba wa taifa ulikuwa tamko: zao hili sasa ni letu. Hisia hiyo ilikuwa ya kweli na kubwa. Lakini ilikaa katika kumbukumbu ya mtazamaji. Mchoro wenyewe haukuionyesha, kwa sababu haukuwa na mkono unaopanda wala unaochuma. Kizazi chenye kumbukumbu kimepungua, na kilichobaki ni orodha ya bidhaa za kuuza nje.

Chukua pareto, zao lililo karibu kabisa na Naivasha. Ua hili dogo, lenye petali nyeupe na moyo wa manjano, lilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Lilishika nyanda za juu zenye baridi: Kinangop inayoitazama Naivasha kutoka juu, Molo, Mau. Wachumaji walilichuma kwa vidole, ua kwa ua, likakaushwa na kupelekwa Nakuru, yalikokuwa makao makuu ya bodi ya pareto na kiwanda cha kukamua dawa ya kuua wadudu. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hili. Kisha malipo kwa wakulima yakachelewa na kukatika, wengi wakaling'oa na kupanda viazi, na uzalishaji ukaporomoka. Ua hilo bado limo kwenye nembo. Muulize kijana wa Naivasha akuonyeshe lilipo, na kuna uwezekano mkubwa atalipita kwa kidole bila kulitambua, ingawa anaishi katika mji unaojulikana duniani kwa maua. Pareto ni ua pekee kwenye nembo ya taifa, na mji wa maua haulijui.

Kosa si la kijana. Chukua sarafu ya shilingi kumi ya toleo la 2018. Upande mmoja una simba, kwa kuwa katiba ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye fedha na Benki Kuu ikachagua wanyama. Upande wa pili una nembo ya taifa. Hapo rangi zote zimeondoka: hakuna nyeusi, hakuna kijani, ukanda mwekundu umebaki mistari. Ni mtihani mkali wa umbo, na matokeo yake yanasomeka kwa macho. Simba wamebaki simba. Ngao imebaki ngao, na jogoo anatambulika hata kwa kupapasa kwa ukucha. Mazao sita yamekuwa mikwaruzo chini ya miguu. Hali ni hiyohiyo nembo inapochorwa kwa brashi kwenye ukuta au ubao: fundi hutumia muda kwenye manyoya ya shingo ya simba, na akifika chini huweka vichaka kadhaa vya kijani. Hajazembea. Mkono wake umepima kile ambacho jicho la mpita njia litakitafuta.

Linganisha tena na majirani. Nembo ya Tanzania ina mimea miwili tu, karafuu miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke, na hivyo kila mmea una mwenyewe. Uganda nayo ina miwili, kahawa na pamba. Mimea miwili inaweza kuchorwa mikubwa, ikatambulika, ikapewa upande. Mimea sita inagombania nafasi. Aliyeongeza zao la tatu, la nne, la tano na la sita huenda alitaka kila eneo lijione. Ni nia njema, na ndiyo nia inayoharibu alama nyingi: kumridhisha kila mmoja hadi hakuna anayeonekana.

Majirani hao wanatuonyesha pia lile lingine lililokosekana. Ngao ya Tanzania ina mawimbi sehemu ya chini kwa ajili ya bahari na maziwa yake. Ngao ya Uganda ina mawimbi juu, na chini yake kunapita maji. Kenya, yenye pwani ya Bahari ya Hindi, sehemu ya Ziwa Victoria, Turkana yote isipokuwa ncha yake ya kaskazini, na msururu wa maziwa ya Bonde la Ufa, haikuchora hata tone. Naivasha, ambayo hadi mwaka 1902 ilihesabiwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda kabla ya mpaka kusogezwa, iliangukia upande wa nembo isiyo na maji. Huu ni mji ambao ziwa lake halina chumvi na linanywesha wanyama, mashamba na watu. Mwaka 2020 ziwa hilo lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu mtaani Kihoto. Mtu anayelitafutia ziwa hilo mahali kwenye nembo ya taifa hana pa kushika.

Nembo ina jibu moja la kujitetea kuhusu watu, na ni jibu zuri. Liko kwenye utepe wa chini: Harambee. Kati ya maneno yote ambayo mataifa huyaandika chini ya ngao zao, hili ni la aina yake. Uganda imeandika kauli ya kujitoa kwa Mungu na nchi; Tanzania imetaja mambo mawili inayoyathamini, uhuru na umoja. Kenya imeandika mwito. Mwito una mwitaji na mwitikiaji, na kwa kuwa kwenye picha hakuna mtu wa kuitikia, anayeitwa ni yule aliyesimama mbele ya picha. Kwa namna hiyo Mkenya ameingizwa kwenye nembo kwa kuitwa, bila kuchorwa. Harambee zilizojenga shule na zahanati katika miaka ya kwanza ya uhuru zilikuwa watu wanaoitikia utepe ule. Ndiyo maana neno hilo, kama jogoo, bado lina uhai: nalo ni tendo. Ila maji hayawezi kuitwa kwa utepe, wala ng'ombe. Waliokosa umbo kwenye mchoro, na hawana sauti ya kuitikia, wamekosa kabisa.

Somo hili lina mahali pa kutumika. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 4, inaitaka kila kaunti itunge sheria ya alama zake: bendera, nembo na muhuri. Inataka ziandaliwe kwa kushauriana na wananchi, na inakataza alama hizo kufanana na za taifa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na Naivasha ni manispaa ndani ya Kaunti ya Nakuru. Kila ngazi ya utawala inayopanda cheo huhitaji kitu cha kuweka juu ya mlango wake. Na kila mara kishawishi ni kilekile: kunakili sehemu ya nembo ya taifa iliyo dhaifu zaidi. Tunachora mduara au ngao, kisha tunaijaza. Kwa Naivasha ingekuwa waridi, kiboko, mafunjo, mlima Longonot, mvuke wa Olkaria, treni, samaki na ng'ombe wa maziwa, wote katika mduara mmoja. Kila kimoja ni cha kweli. Kwa pamoja vingekuwa ile mikwaruzo ya kwenye sarafu.

Kuna mfano wa karibu wa njia nyingine, na una uzi unaopita hapa. Mazungumzo yaliyomaliza vita vya miaka zaidi ya ishirini nchini Sudan yalifanyika kwa sehemu kubwa Naivasha, kati ya ujumbe wa John Garang na ule wa Ali Osman Taha, chini ya usuluhishi wa Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Itifaki ya usalama ilitiwa saini hapa Septemba 2003, ya mgawanyo wa mali Januari 2004, na ya mgawanyo wa madaraka Mei 2004. Mkataba kamili ulifuata Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai 2011. Nembo iliyojichagulia ni furukombe, tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, aliyekunjua mabawa mbele ya ngao na silaha ya jadi. Ni ndege yuleyule anayeita asubuhi juu ya migunga ya Ziwa Naivasha. Nembo hiyo ina mnyama mmoja, mkubwa, mwenye tendo moja. Ikipunguzwa hadi ukubwa wa kifungo cha shati bado ni tai. Ndege wa majini ameweza kubeba maji bila wimbi hata moja kuchorwa, kwa sababu anayemjua anajua anakula wapi.

Kwa hiyo, siku Naivasha itakapokaa kujichorea alama, ningependa wajumbe waweke kando swali la nini tunacho na waulize nini tunafanya. Mji huu unachuma. Unachuma waridi alfajiri kabla jua halijakolea, kama Kinangop ilivyochuma pareto. Unatega mvuke kutoka ardhini, kazi iliyoanza kuzalisha umeme Olkaria mwaka 1981. Unapokea wageni wanaokosana na kuwapatanisha, Wasudani mwaka 2004 na wabunge wetu wenyewe mwaka 2010. Unaishi na ziwa linalosogea, ukirudi nyuma linapopanda na kulima ukingo wake linaposhuka. Lolote kati ya matendo hayo linaweza kuchorwa kwa umbo moja lenye nguvu, kwa rangi tatu au nne. Mimi ningechagua mkono juu ya maji, kwa sababu mkono na maji ndivyo nembo ya taifa ilivyoviacha, na sheria yenyewe inataka tusifanane nayo.

Ningependa pia mchumaji wa maua, mvuvi wa mtaa wa Karagita na mfugaji anayeshusha mifugo ziwani wakati wa kiangazi wawe kwenye meza ya uamuzi kabla ya kalamu kugusa karatasi, kwa kuwa kushauriana na wananchi ni sharti la sheria, na kwa kuwa wao ndio wanaojua tendo lipi la mji huu litaeleweka bila maelezo. Mchoro wao upimwe kwa kipimo ambacho jogoo amekipita na mazao yameshindwa: uchapwe mdogo kama sarafu, bila rangi, apewe mtoto wa darasa la pili, na aulizwe mji huu unafanya nini. Akijibu sawasawa, alama hiyo inastahili kupanda juu ya mlango wa manispaa. Akianza kuhesabu vitu, irudishwe mezani.